Alama Tatu Chini ya Rangi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai nauliza nani ametia sukari. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na mkunga alipoinua mkono anichape kofi la mgongoni nilimtazama kwa jicho lililomfanya aghairi. Sina hakika kama ni kweli, mama alikuwa mtu wa kutia chumvi. Ila kwa miaka ishirini niliyopiga gitaa la solo katika bendi ya familia yetu, tabia hiyo imeniokoa na mengi: mapromota wenye maneno matamu, nyuzi bandia, na wanaume waliotaka kunifundisha gitaa bila kuulizwa. Mara moja tu haikuniokoa.

Bendi yetu ni ndogo. Kaka yangu mkubwa anapiga ngoma, mkewe anaimba, mimi napiga solo, na besi tunampa yeyote aliye tayari kuvumilia kelele za nyumba moja. Mke wa kaka, yaani wifi yangu, ana sauti nzuri na mkoba mkubwa mweusi ambao hauachi popote. Ndani ya mkoba huo huweka maikrofoni yake, kitambaa, na peremende kali za kulainisha koo. Kila baada ya nyimbo mbili utasikia karatasi ikichanika.

Moto ulitokea mchana, saa nane hivi, siku ya mazoezi. Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye stoo iliyoko nyuma ya ukumbi tunaopigia kila mwisho wa wiki. Tulitoka kwenda kula, kaka akabaki nyuma, amekaa kwenye ngazi ya mlango anavuta sigara. Kabla sijamaliza sahani yangu tukasikia watu wanapiga mbio. Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka dirishani mweusi na mzito, na kaka alikuwa uani na ndoo tupu, nyusi zimeungua, analia machozi ya moshi.

Ngoma zake ziliteketea, na spika, na pazia, na nusu ya paa. Mimi nilipoteza kila kitu. Gitaa nililolipiga tangu sijaolewa hadi nimeachika. Pedali zangu nne za mguu, zile za kubadilishia sauti ya gitaa. Na amplifaya yangu, ambayo kwa kweli ndiyo ninayoililia hadi leo.

Ilikuwa ya zamani, ile aina yenye taa za kioo ndani ambazo lazima zipate joto kwanza ndipo sauti iwe tamu. Kwa sababu hiyo sikuwa naizima katikati ya mazoezi. Watu wakienda kula, yenyewe inabaki inanguruma polepole, inanisubiri. Tena nilikuwa nimeitengeneza nitakavyo mimi. Jukwaani kunakuwa na giza, huwezi kusoma namba, kwa hiyo nilichukua tupa nikakwaruza alama tatu kwenye bati lake la mbele, moja pembeni ya kila kifungo: sauti, besi, ukali. Ukucha wangu ukikuta lile pengo, najua nimefika. Niliijua nje na ndani. Wiki moja kabla ya moto tulikuwa tunapiga kwenye sherehe kubwa, ikanyamaza ghafla katikati ya wimbo. Sikusubiri fundi. Niliinama nyuma ya pazia, nikaiweka sawa kwa dakika mbili, nikasimama na kuendelea pale pale nilipoachia. Watu walidhani ni mbwembwe.

Mwenye ukumbi alifika akiwa amevaa ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Kabla hajauliza lolote, kaka alimsogelea akamwambia, "Mzee, ni sigara yangu. Nilisinzia."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mbele ya majirani, mbele ya mkewe, nilimwambia kaka yangu, "Afadhali ungeungua wewe, gitaa langu likabaki."

Kaka aliiweka ndoo chini taratibu, akaondoka. Mwenye ukumbi akatoa hukumu siku hiyo hiyo: stoo ikishatengenezwa bendi itarudi, lakini yule mvuta sigara asikanyage pale tena. Hivyo bendi ya kaka ikawa inapiga bila kaka, na mimi kwa gitaa la kuazima. Miezi minne ikapita, mimi na yeye hatusemeshani. Tulipata mpiga ngoma wa kukodi, mtu mzima mwenye heshima zake, lakini anapiga kama anatwanga mahindi. Kila akikosea nilikuwa nageuka kumtazama kaka, halafu nakumbuka hayupo, halafu nakumbuka kwa nini, halafu nakasirika upya.

Kujenga upya vyombo vya gitaa si sawa na kwenda dukani ukarudi na kapu. Gitaa nililipata kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amelitundika ukutani miaka kumi, limejaa vumbi na shingo imepinda. Nilikaa nalo siku tatu sebuleni, nazungusha ile skrubu ya shingo robo kwa robo, napiga, nasikiliza, nazungusha tena. Waya zote nilizichoma lehemu mwenyewe, maana waya za kununuliwa siziamini. Pedali nilizipata moja moja, kwa watu mbalimbali, na kila mmoja nilimhoji kama polisi: ulinunua wapi, kwa nini unauza, mbona hii skrubu si ya kwake. Ubao wa kuzipangia nilikata kwenye mlango wa kabati langu la nguo. Mpaka leo nguo zangu zinaonekana na kila anayeingia chumbani.

Kilichobaki ni amplifaya. Na hapo ndipo wifi yangu alipoanza kunitia mashaka.

Alikuja nyumbani bila kuitwa, jambo ambalo si kawaida yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba wake mapajani. "Wifi," akasema, "nimesikia Lehemu anakuundia amplifaya."

Lehemu ni fundi redio wetu. Jina lake halisi nadhani hata yeye analisahau.

"Nani kakwambia? Mimi mwenyewe sijaambiwa," nikasema.

"Basi nakwambia mimi. Anaunda ya taa, kama ile yako. Nenda kaichukue. Usihangaike kutafuta kwingine."

"Na wewe imekuwaje unanihangaikia? Miaka yote unalalamika gitaa langu linakufunika sauti."

Akafungua mkoba, akatoa peremende, akaiweka mdomoni. Zamani angenipa na mimi moja. Siku hizi hakuwa ananipa. Tena niliona jambo jingine: ile karatasi ya kijani ya kung'aa ya peremende aliikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama punje, akaizamisha ndani kabisa ya mkoba kama mtu anayeficha hirizi. Nikajisemea moyoni, huyu mwanamke uchoyo sasa umefika kwenye takataka.

"Sauti yangu inatosha," akasema akiinuka. "Kitu kimoja tu. Usianze kuifungua fungua huko nyuma. Fundi ameshaifunga vizuri."

Sasa ungekuwa wewe, ukiambiwa usifungue, ungefanya nini?

Baada ya kuondoka nilikaa nikaanza kukumbuka. Siku ya moto, kila mtu alipoteza kitu isipokuwa yeye. Maikrofoni yake ilikuwa salama salimini ndani ya mkoba. Baada ya moto alikuwa amebadilika, haniangalii usoni, jukwaani anasimama mbali nami kana kwamba nanuka. Nilikuwa nadhani ananichukia kwa yale maneno niliyomwambia mumewe, na ningemwelewa. Lakini mtu anayekuchukia hakutafutii amplifaya.

Kesho yake nilipita kwa mama cherehani, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa nyuma wa ukumbi. Huyu mama haoni uzi akiutunga, lakini mambo ya watu anayaona vizuri. Nilimpelekea gauni la kupunguza kiuno, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama alimwona wifi siku zile.

"Nilimwona," akasema, sindano mdomoni. "Alitoka na mzigo ameufunga kwenye shuka. Mzito, maana alikuwa anatembea upande."

"Siku ya moto?"

"Siku ile ile. Au kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa na nguo za watu, siandiki tarehe. Kiuno nipunguze inchi ngapi?"

Sikumbuki nilijibu inchi ngapi. Gauni lile sasa halinipiti mabegani. Nilikuwa nimeshika lile neno "siku ile ile" na ile "au" nikaiacha pale kibandani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Lehemu. Karakana yake ni chumba kirefu chembamba, redio zilizokufa zimepangwa ukutani hadi darini, na katikati meza iliyounguzwa na pasi ya kuchomea. Juu ya meza ilikaa amplifaya mpya. Kasha la mbao mpya, kitambaa kipya, bati la mbele limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Nilichomeka gitaa. Tulisubiri taa zipate joto. Nikapiga noti moja tu, uzi wa tatu, nikaiacha ilie.

Sauti ile niliijua. Haikuwa ile ile hasa, ilikuwa imesafishwa kidogo, lakini ilikuwa ya ukoo ule.

"Vipi, dada?" Lehemu akauliza. Alikuwa anafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Nilipeleka kidole kwenye kifungo cha sauti kama nilivyozoea, nikateremsha ukucha pembeni yake juu ya rangi. Ukucha ukazama. Nikaenda kwenye kifungo cha besi. Ukazama. Ukali, hivyo hivyo. Alama tatu za tupa, chini ya rangi, kila moja mahali pake.

"Hili bati limetoka wapi?"

"Bati ni bati tu, dada."

"Lehemu."

Akatazama mlangoni, akatazama dari. "Aliliacha wifi yako."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Lakini dada, subiri nikueleze vizuri, hili jambo lina..."

"Usinieleze hapa," nikamkata. "Utaeleza Jumamosi, saa tisa, ukumbini, mbele ya watu. Na uje nayo hiyo amplifaya. Usipokuja nitakuja na watu."

Namjua Lehemu, ni mtu anayeogopa kelele. Laiti ningemwacha amalize sentensi moja tu. Lakini kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeshakamilika. Amplifaya yangu haikuungua. Ilitolewa na wifi kabla ya moto, ikafungwa kwenye shuka, na moto ukafuata kufuta nyayo. Kaka alikubali lawama kwa sababu ni bwege wa mkewe na amekuwa hivyo tangu siku ya posa.

Na nitasema ukweli hata kama unanivua nguo: nilifurahi. Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi kama niliyetuliwa gunia kichwani. Kama si sigara, kaka angerudi kwenye ngoma zake. Mwenye ukumbi angefuta hukumu. Na yale maneno niliyomwambia pale kwenye majivu yangehesabika kuwa nilidanganywa. Nilimtaka kaka yangu arudi nyuma yangu jukwaani kuliko nilivyolitaka gitaa lolote, na bei ya kumrudisha ilikuwa wifi. Niliona ni bei nafuu.

Nilimpigia simu wifi. "Mwambie mumeo aje ukumbini Jumamosi. Nina habari yake njema."

Akasema, "Wifi, achana na hilo jambo."

"Hujui hata ni jambo gani."

"Najua. Achana nalo."

Nikakata simu nikicheka peke yangu. Mwizi anajijua, nikasema.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa juu ya meza, harufu ya sabuni ya sakafu, na vyombo vyangu vipya nimeshavipanga jukwaani. Mwenye ukumbi alikaa mbele kabisa, mikono imekunjwa tumboni. Lehemu aliingia na amplifaya mgongoni na kopo la maziwa ya unga kwapani. Kopo hilo nalijua, huweka vipuri vilivyokufa, mwenyewe huliita makaburini. Wifi akaja na mkoba wake. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, kaka akasimama mlangoni, hajaingia, vidole vya miguu vimeishia pale pale kizingiti kinapoanzia. Alikuwa amekonda. Nyusi zilikuwa zimeota upya lakini si sawasawa, moja imemtangulia mwenzake. Kucha zake zilikuwa na rangi nyeusi pembeni, nikawaza amepata kibarua gani siku hizi.

"Ingia," mwenye ukumbi akamwambia kwa shingo upande. "Leo tu."

Nilisimama katikati ya ukumbi nikatoa maelezo yangu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye kioo. Niliwaambia amplifaya iliyodaiwa kuungua ndiyo hii hapa, nikamshika mwenye ukumbi kidole chake nikakipitisha kwenye alama zote tatu. Nikawaambia kuhusu mzigo wa kwenye shuka. Nikamwambia mzee kwamba amemfukuza mtu asiye na kosa, na mwenye kosa kila Jumamosi anamwimbia nyimbo za mapenzi.

Mwenye ukumbi akageuka kumtazama wifi. "Ni kweli ulitoa kitu hapa?"

"Nilitoa," akasema wifi.

"Mnaona?" nikasema.

"Mdogo wangu," kaka akaita kutoka nyuma. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile. "Acha. Nakuomba."

"Siachi. Wewe unamlinda, mimi nakulinda wewe. Lehemu, waambie. Ulikabidhiwa lini?"

Lehemu akakohoa. "Kesho yake, baada ya moto. Asubuhi mapema, kabla watu hawajaanza kuzoa majivu."

"Kabla ya moto," nikamsahihisha.

"Dada, mimi nililipokea. Mbao zilikuwa mkaa mtupu. Taa zimeyeyuka zikawa kama nta. Kilichobaki ni bati, nalo limejikunja, tumelinyoosha kwa nyundo wiki nzima." Akalifungua lile kopo. "Ndani mlikuwa na kitu nikakitoa. Niliambiwa nikitupe. Mimi kipuri sikitupi, hata kikiwa maiti. Unasema sisemi kweli, basi hiki hapa."

Akamimina mezani kifaa kidogo cheusi, urefu wa nusu ya kidole. Kishikio cha fyuzi. Akakizungusha, kifuniko kikatoka, fyuzi ikateleza nje.

Fyuzi ni kitu kidogo tu, kioo chenye uzi mwembamba ndani yake. Kazi yake ni moja: umeme ukizidi, ife yenyewe kabla kifaa kizima hakijafa. Hii haikuachwa ifanye kazi hiyo. Ilikuwa imevishwa karatasi ya kung'aa kutoka ncha hadi ncha, imeviringishwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kuviringisha. Karatasi ilikuwa imeungua, imegandamana na kioo. Lakini upande mmoja, pale kifuniko kilipokuwa kimeibana, palibaki kijistari cha kijani.

Kijani cha peremende za wifi.

Nilijua kabla sijataka kujua. Sherehe kubwa, wiki moja kabla, amplifaya imenyamaza, watu wamegeuza vichwa, mimi nimeinama nyuma ya pazia na mkono nimeunyoosha nyuma: "Wifi, nipe hiyo karatasi ya peremende yako, upesi." Naye akanipa, bado inanata. Ni ujanja wa wapiga muziki wa safari, kila mmoja wetu amewahi kuufanya. Umeme unapita kwenye karatasi badala ya ule uzi uliokatika, unamaliza shoo, kesho yake unaweka fyuzi ya kweli. Kesho yake nililala. Keshokutwa nilikuwa na wageni. Siku ya mazoezi niliiwasha nikaona inafanya kazi, na tulipokwenda kula nikaiacha inanguruma, kama kawaida yangu.

"Hicho ni nini?" mwenye ukumbi akauliza, ameinamia meza.

Lehemu alikuwa ananitazama. Wifi alikuwa anatazama sakafu. Aliitambua karatasi yake, na alijua iko ndani ya bati lile tangu asubuhi ile, alipopiga magoti kwenye majivu.

"Takataka tu, mzee," kaka akasema haraka, amekuja hadi mezani kwa hatua tatu. Mkono wake ukaifunika ile fyuzi. "Vitu vya ndani ya amplifaya, vyote viko hivyo. Mke wangu alilitoa bati nikamwambia tulitengeneze, tumpe huyu zawadi, basi. Moto ulikuwa wa sigara yangu. Nilishasema. Tusipotezeane muda."

Niliutazama ule mkono. Rangi nyeusi kwenye kucha zake ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye bati. Yeye ndiye aliyelinyoosha, yeye ndiye aliyelipaka. Na alama zangu tatu, ambazo angeweza kuziziba kwa rangi nzito nisijue lolote milele, alizizunguka moja moja kwa ncha ya brashi, ili ukucha wangu uzikute.

Mwenye ukumbi hajui fyuzi wala kishikio. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Ningeomba radhi kwa wifi, ningesema nimekosea tarehe, na usiku ule ningepanda jukwaani na vyombo vyangu vipya. Kaka angerudi nyumbani. Naona aibu kusema nilifikiria kwa muda gani.

"Mzee, kaa," nikasema. "Hakusinzia na sigara. Ukumbi wako nimeuchoma mimi."

Nikamweleza yote, polepole, hadi akaelewa. Nilipomaliza aliichukua fyuzi, akawa anaigeuza kwenye kiganja chake. Nilimwona anajaribu kupata hasira na anapata uchovu.

"Wewe," akamwambia kaka hatimaye, "ulinidanganya usoni."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

Kaka akajikuna shingo. Jibu alinipa mimi, hakumpa mzee. "Niliuona moto ukianzia kwenye amplifaya yako. Mpiga ngoma hupata ngoma popote. Lakini mtu akijulikana amechoma ukumbi kwa waya zake, nani atampa soketi tena?"

Mwenye ukumbi akainuka. Aliitia fyuzi mfukoni mwake. "Ngoma zirudi," akasema. "Leo leo, yule mwingine ananiumiza kichwa. Ila kitu cha huyu mwanamke hakichomekwi kwenye ukuta wangu. Leo wala kesho." Akatoka, na safari hii viatu vyake vilikuwa vya jozi moja.

Nilianza kukusanya. Nilizungusha waya zangu, nikauzungushia shuka ubao wangu wa mlango wa kabati, nikafunga gitaa. Miezi minne ya kutafuta kipande kwa kipande, na nilifungasha vyote kwa dakika kumi. Kaka alinibebea amplifaya hadi nje, tukaiweka kwenye ngazi ile ile aliyokuwa amekaa siku ya moto.

"Yale maneno," nikasema. "Yale niliyokwambia pale uani."

"Maneno gani?" akasema kaka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, hata mimi ninayeshuku kila kitu nusura nimwamini. Alinigonga begani kwa kiganja, mara mbili, kama anavyohesabu kuingia wimbo, akarudi ndani. Baada ya muda nikamsikia anakaza ngozi za zile ngoma za mwenzake, anagonga, anakaza, anagonga.

Wifi alitoka akasimama karibu yangu. Nilimwomba radhi. Nilisema nilimwita mwizi mbele ya watu wakati alikuwa ananibebea mzigo wangu mgongoni, na kwamba sina la kujitetea.

"Yeye anasema amesahau," akasema. "Mimi nakumbuka. Neno kwa neno."

"Najua."

"Nitakumbuka kwa muda mrefu, wifi. Ujue hivyo."

"Najua."

Ndani, kaka alianza kupiga, mdundo wa kawaida wa kupasha mikono. Tulisimama tukasikiliza. Hakukosa hata pigo moja. Wifi akafungua mkoba wake, akatoa peremende, akaichana. Akanipa peremende. Karatasi akabaki nayo.